KAKAMEGA: MSITU, JANI NA KAFURI

Msafiri aondokaye Uganda kwa njia ya Busia, akikamilisha shughuli za mpakani bila kukawizwa, huweza kufika mji wa Kakamega kabla ya chakula cha mchana. Safari yenyewe haizidi kilomita 100. Busia ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, enzi za vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Na Wasamia wa upande wa pili hawana tofauti na Wasamia wetu, ila vitambulisho tu. Barabara hupita Bumala, kisha huingia katika nchi ya miwa hadi Mumias.

Mji huo unabeba jina la Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipumzika kwake kabla ya kuvuka kuingia Busoga. Askofu James Hannington naye alipita hapo mwaka 1885 akielekea kwenye mauti yake. Hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa ndani ya himaya ya Uganda, ndipo Waingereza wakasogeza mstari. Kwa hiyo mgeni kutoka kwetu akijisikia yuko nyumbani, ana sababu. Akisema "mulembe" kama wasemavyo ndugu zetu wa Mbale, atajibiwa kwa furaha.

Mji wa Kakamega ulipata sifa mwaka 1931 ilipogunduliwa dhahabu, na Wazungu wakamiminika na sururu zao. Dhahabu hiyo haikuwatajirisha wenyeji. Mashimo yake yangalipo, na wapo watu waingiao humo hata leo kutafuta mabaki. Lakini mimi sikwenda kwa ajili ya dhahabu. Nilikwenda kuuona msitu, na zaidi ya msitu, jani moja ambalo wakulima wa kando yake walianza kulilima.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Kisumu, utafika Khayega. Hapo utageuka kushoto na kupita soko la Shinyalu hadi Isecheno. Mashamba ni madogo mno. Nyumba imeegemea nyumba, mahindi yamepandwa hadi ukingoni mwa barabara, na ng'ombe mmoja amefungwa kamba mbele ya kila mlango. Kisha, ghafla, mashamba hukoma na msitu husimama kama ukuta.

Wataalamu wa mimea husema kwamba msitu huu ni kipande cha mashariki cha ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo, kilichobaki peke yake upande wa Kenya. Mtu aliyewahi kuingia Mabira au Budongo atautambua mara moja: miti mirefu yenye mizizi mipana kama mbao zilizosimamishwa, mbega weupe na weusi wakiruka juu, na yule ndege mkubwa wa buluu aitwaye shorobo na baadhi ya watu. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na eneo lililopimwa ni karibu hekta 24,000, ingawa msitu wa asili uliobaki ndani yake ni mdogo kuliko huo. Upande wa kaskazini ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Upande wa kusini, huko Isecheno, uko chini ya idara ya misitu, na ndiko watu na msitu wanakosukumana kila siku. Kuni hutoka humo, dawa hutoka humo, na makaa pia, ingawa hayo hutoka usiku.

Basi jani lenyewe. Wenyeji huliita mwonyi. Wataalamu huliita Ocimum kilimandscharicum, kwa kuwa lilielezwa kitaalamu kutokana na mimea ya Kilimanjaro. Ni ndugu wa mrehani, na ndugu pia wa mujaaja ambao akina mama wa Buganda hutia katika chai. Ni kichaka cha kimo cha kiuno au kifua, chenye majani ya kijivu yenye vinyweleo na maua meupe. Ukilipita hutaliona. Lakini ukilivunja jani moja na kulisugua kwa vidole, harufu itakupanda puani na kukufungua kichwa. Ye yote aliyewahi kuhudhuria maziko ya Kiislamu ataitambua harufu hiyo: ni karafuu maiti, yaani kafuri.

Tangu zamani wazee wa hapa walilitumia kwa mafua, kwa kifua kilichoziba, kwa maumivu ya viungo na kwa kufukuza mbu. Mgonjwa alifunikwa blanketi juu ya chungu cha majani yaliyochemshwa. Hayo yalijulikana bila mtambo wo wote. Swali ambalo wazee hawakuwa na njia ya kulijibu ni hili: ndani ya jani hilo kuna nini hasa kifanyacho kazi hiyo, na ni kiasi gani?

Hatua ya kwanza ya kulijibu ni kuyatoa mafuta ya harufu katika jani. Mtambo niliouona, ndugu msomaji, hautawashangaza askari polisi wetu, kwani katika umbo haupishani sana na ule wa waragi ambao wameupasua mara nyingi vichakani. Kuna pipa lenye maji chini na majani juu, yametengwa kwa wavu ili yasizame. Moto huwashwa, mvuke hupanda kupitia katika majani, huchukua mafuta, na kuingia katika bomba lililopitishwa kwenye maji baridi. Hapo mvuke hurudi kuwa maji, na mafuta huelea juu yake yakasubiri kukingwa. Gunia zima la majani hutoa mafuta ya kujaza chupa ndogo tu.

Lipo jambo la ajabu hapa. Kafuri ikiwa peke yake haichemki mpaka joto lipite nyuzi 200. Imekuwaje basi ikapanda pamoja na mvuke wa maji usiofika hata nyuzi 100? Sababu yake ni kwamba vitu viwili visivyochanganyika, kama mafuta na maji, vikipashwa moto pamoja, kila kimoja husukuma hewa kwa nguvu yake, na nguvu hizo hujumlishwa. Wawili dhaifu huinua mzigo ambao hakuna kati yao angeuinua peke yake. Kwa njia hiyo mafuta hutoka bila kuungua.

Mzee mmoja aliyekuwa akichochea moto alinionya nisisimame karibu na bomba. "Mwanangu," alisema, "hii ikipoa sana huganda ndani, bomba likaziba, na pipa likakasirika." Maneno yake yalikuwa kemia tupu. Kafuri ni yabisi katika joto la kawaida. Huganda kuwa chembe nyeupe kama chumvi. Mafuta ya mwonyi yenye kafuri nyingi, yakiachwa mahali pa baridi, hutua chembe hizo chini ya chupa. Mtu akizichuja na kuzipasha moto polepole, zitageuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, na kuganda tena juu ya kifuniko zikiwa safi zaidi. Hiyo ndiyo njia ya kale kabisa ya kutenga kitu kimoja kutoka katika mchanganyiko wa mafuta, na haihitaji umeme.

Kafuri hiyo ina historia ambayo wanajeshi hasa wataipenda. Kwa karne nyingi ilitoka katika mti mkubwa wa China, Japani na kisiwa cha Taiwan. Mwaka 1887 Alfred Nobel alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, iitwayo balistiti, na kafuri ilikuwa kimojawapo cha viungo vyake. Tena ilihitajika kutengeneza seluloidi, ile plastiki ya kwanza iliyotumika katika vitana, filamu za sinema na mipira ya tenisi ya mezani. Wajapani, walipokwisha kuitwaa Taiwan, waliifanya biashara ya kafuri kuwa mali ya serikali mwaka 1899, na dunia ikalazimika kununua kwao. Ndipo wengine wakahangaika kutafuta njia nyingine: Wazungu waliitengeneza kutokana na mafuta ya misonobari, na nchi kadhaa zikajaribu kulima jani hili la Afrika Mashariki. Mmea ambao mama wa Isukha aliutupa motoni kufukuza mbu ulikuwa umekwisha kuingia katika hesabu za mataifa makubwa.

Lakini mafuta ya mwonyi si kafuri tu. Kuyajua yaliyosalia ni kazi ya maabara, na maabara hiyo iko mbali na msitu, huko Kasarani katika jiji la Nairobi. Ni ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kijulikanacho kwa jina la ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya ambaye elimu yake ya chuo kikuu aliianzia Makerere.

Kazi ya kutenganisha huitwa kromatografia. Mwanzilishi wake, Mrusi Mikhail Tsvet, alimimina maji ya majani ya kijani katika bomba lililojazwa unga wa chokaa, akaona rangi zikiachana: njano mbele, kijani nyuma. Hayo aliyachapisha mwaka 1906. Kwa mafuta ya harufu hutumika gesi badala ya kimiminiko, njia ambayo James na Martin waliieleza mwaka 1952. Mafuta machache kuliko tone huingizwa katika chombo cha moto, hugeuka mvuke, na gesi huyasukuma ndani ya bomba jembamba sana, lenye urefu wa mita 30 hivi, lililozungushwa kama uzi. Ukuta wa ndani umepakwa utando. Sasa fikiria kikosi kinachovuka kinamasi. Wote wameondoka kwa amri moja, lakini wenye viatu vyepesi hufika mapema na wenye mizigo hunasa na kuchelewa. Kila kitu kilichomo katika mafuta hutoka mwishoni kwa dakika yake, na kalamu ya mtambo huchora mlima mmoja kwa kila kimoja.

Je, dakika hiyo yatosha kusema hiki ni kafuri? Askari mpelelezi atajibu mara moja kwamba shahidi mmoja hatoshi. Huenda vitu viwili vikafika pamoja. Kwa hiyo kila kinachotoka hupelekwa katika mtambo wa pili, ambao huvunjavunja molekuli kwa elektroni na kupima uzito wa vipande. Molekuli ya kafuri ina uzito wa 152, na ikivunjwa kipande chake kilicho kingi kabisa huwa cha 95. Kila kitu kina mvunjiko wake, kama kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Na mtaalamu huilinganisha alama hiyo na zile zilizohifadhiwa. Mwisho hupitisha kafuri safi ya kununua katika bomba lile lile, aone kama itafika dakika ile ile. Mashahidi wakikubaliana, jina huandikwa.

Katika mafuta ya mwonyi wa Kenya waliyoyachunguza, kafuri ilikuwa zaidi ya nusu ya yote. Nyuma yake zilifuata sineoli, ambayo ndiyo harufu ya mkalitusi, na limonini, ambayo ndiyo harufu ya ganda la chungwa, pamoja na nyingine ndogo ndogo.

Hapo mtu angetarajia kwamba kazi imekwisha: mkubwa amejulikana, wengine waachwe. La hasha. Jembere Bekele na Ahmed Hassanali walizijaribu sehemu hizo dhidi ya wadudu wawili waharibuo nafaka ghalani, mmoja wao akiwa fukusi wa mahindi. Walipima kila moja peke yake, kisha wakazichanganya upya. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba nguvu ya mafuta haikuweza kukisiwa kwa kutazama sehemu moja moja. Zilikuwamo ambazo zikiwa peke yake zilionekana dhaifu, lakini zikiungana na wenzake ziliongeza nguvu ya mchanganyiko. Kwangu mimi habari hii ni ya maana kuliko hata jina la kafuri. Wazee waliochemsha jani zima hawakuwa wajinga.

Wala isidhaniwe kwamba maabara imekuja kuwasifu wazee tu. Yako mambo ambayo mila haiwezi kuyaona, na moja wapo liko karibu sana nasi. Mwaka 1984 wanakemia walitangaza uchunguzi wa mafuta ya mmea huu huu uliokuzwa Rwanda. Mmea ulikuwa ni ule ule kwa jina la kitaalamu. Lakini ndani ya mafuta yake sineoli ndiyo iliyotawala, na kafuri haikuwa mkuu tena. Kumbe jina la jani halitoshi kukwambia kilichomo ndani yake. Mbegu, udongo, mwinuko wa nchi na majira ya kuvuna vyote vina sauti. Mtu anayekuuzia chupa akaapa kwamba ni mwonyi mtupu, huenda anasema kweli, na bado yeye mwenyewe hajui amekuuzia nini.

Hapa nawaomba akina mama na akina baba walioko makambini wanisikilize kwa makini. Kafuri ikipakwa kifuani mwa mtu mzima kwa kiasi kidogo hufariji. Ikimezwa ni sumu, na kwa mtoto mdogo ni sumu kali. Gramu moja imewahi kumwua mtoto asiyefikisha miaka miwili. Tuipime gramu hiyo kwa kijiko cha jikoni: mafuta yenye kafuri ya asilimia 20, kijiko kimoja cha chai, yana gramu moja kamili. Huko Marekani mafuta ya namna hiyo yalikuwa yakiuzwa madukani, na watu wakawa wanawanywesha watoto wakidhani ni mafuta ya nyonyo, kwa kuwa chupa zilifanana. Serikali yao iliyapiga marufuku mwaka 1982, kisha ikaweka kikomo kwamba dawa ya kupaka isiwe na kafuri kupita asilimia 11.

Mtoto aliyemeza kafuri huweza kushikwa na degedege katika muda wa dakika chache. Na sisi tunajua jinsi degedege inavyofasiriwa vijijini: huyu atasema ni malaria, yule atasema ni ndege wa usiku, na mwingine ataleta dawa ya kupaka, ambayo huenda ina kafuri ndani yake. Mtoto wa namna hiyo asitapishwe, kwa sababu huenda akashikwa na degedege huku anatapika, akapaliwa. Akimbizwe zahanati, na chupa ichukuliwe pamoja naye. Mganga akiliona jina la kitu kwenye chupa atajua anapambana na nini. Chupa isiyo na jina haimsaidii. Vilevile mafuta haya yasipakwe puani wala usoni mwa mtoto mchanga, wala juu ya kidonda.

Kwa sababu hizo nilifurahi kujua kwamba wakulima wa Isecheno hawakuishia kwenye pipa na moto. Kikundi chao cha Muliru kiliundwa mwaka 1997. Kwa msaada wa wataalamu wa ICIPE na wengineo walijifunza kuulima mmea huu mashambani mwao badala ya kuuvuna msituni, kukeneka mafuta yake, na kutengeneza dawa ya kupaka iliyopewa jina Naturub, ambayo ilipitishwa na bodi ya dawa na sumu ya Kenya. Bodi haisajili harufu nzuri. Husajili kitu kinachojulikana kilichomo na kiasi chake, na ndiyo maana ile milima iliyochorwa na kalamu ya Kasarani ilikuwa na thamani ya fedha kwa mkulima wa Isecheno. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Je, jani hili litauokoa msitu? Sipendi kusema zaidi ya niliyoyaona. Mtu anayehitaji kuni za leo hatazipata katika chupa ya mafuta, na hata pipa lenyewe linakula kuni. Bei ya jani ikishuka, mkulima mwenye robo ekari atarudisha mahindi, wala hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo niliona shamba la mama mmoja, mistari ya mwonyi katikati ya maharagwe, naye akinionyesha jinsi ya kukata: juu ya kifundo, si karibu na ardhi, ili shina lichipue tena na kuvunwa mara nyingine. Nilimwuliza kama zamani alikuwa akiingia msituni kuutafuta. "Zamani, ndiyo, mgeni wangu," akajibu. "Sasa nikiingia ni kwa ajili ya kuni tu." Hesabu yake ilikuwa ya kweli, na hakuipamba.

Siku ya kurudi, soko la Shinyalu lilikuwa limejaa. Kati ya wauza viazi vitamu na wauza kamba alikuwako kijana mwenye meza ya chupa ndogo za mafuta, bila karatasi wala jina. Alinihakikishia kwamba yanatibu kifua, meno, tumbo na macho, na kwamba yanaweza kunywewa. Nilizifungua mbili. Moja ilinuka kafuri. Ya pili ilinuka mkalitusi. Yeye alisema ni kitu kimoja.

Nilinunua ile ya kafuri, kwa ajili ya magoti ya mama mkwe wangu. Iko juu ya kabati, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto, na ubavuni mwake nimebandika karatasi na kuandika kwa wino mwekundu: KAFURI. YA KUPAKA. HAINYWEWI.